Mwalimu Aliyepima Utulivu wa Ardhi

Alikuwa na beseni la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu uliochubuka, na hakuna aliyeruhusiwa kufulia wala kunawia humo. Kila asubuhi, jua likishapanda kiasi cha kuingia dirishani, alilijaza maji nusu, akaliweka sakafuni pale mwanga ulipoangukia, kisha akaketi kwenye kiti chake cha kamba na kutazama juu. Mwanga uligonga maji ukarudi darini, ukakaa kati ya boriti mbili kama kitambaa kilichoanikwa. Mkokoteni ukipita barabarani, kitambaa kilitetemeka. Garimoshi likiingia stesheni, mbali kule, kilicheza kidogo halafu kikatulia. Mwalimu aliandika saa kwenye daftari, na kando yake neno moja tu: kimya, au si kimya.

Jina lake silitaji, mwenyewe hakupenda kutajwa. Ukimtaka hapa Tabora ulisema “Mwalimu wa beseni”, na dereva yeyote wa bodaboda alikufikisha mlangoni. Mimi ukinitaka uliza Injinia. Sisemi haya kwa majivuno, ndivyo ilivyo. Niliondoka mji huu na begi moja la mgongoni, sikubebwa na mjomba wala na chama. Nikaosha vyombo katika nchi ya baridi, nikasoma jioni, nikapata stashahada ya ufundi wa mitambo ya ombwe, yaani kutoa hewa ndani ya chombo hadi isibaki. Nikaajiriwa katika kituo kikubwa cha utafiti ambako elektroni huzungushwa ndani ya bomba la duara kwa kasi isiyoshikika akilini, mpaka zitoe mwanga mkali. Miaka kumi na miwili nilifunga na kufungua mabomba yale, na halikuvuja hata moja nililofunga mimi. Stashahada yangu iko ukutani karakanani, ndani ya fremu ya kioo, na kila anayeleta friji kutengenezwa huisoma kwanza.

Mwalimu peke yake hakuwahi kuniita Injinia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, fundi. Umekula?”

“Nimekula. Mwalimu, watu wananiita Injinia siku hizi.”

“Nimesikia. Na mimi pale sokoni wananiita profesa, wakitaka ninunue karanga.”

Iliniuma, lakini niliendelea kwenda. Katika mji mzima ni yeye tu ambaye ningeweza kuzungumza naye habari za pampu na sumaku bila kuonekana natunga. Nilipotoka kule nilidhani ningerudi kwenye mji unaotaka kujua nilichokiona. Watu walitaka kujua kama theluji inalika. Mwalimu aliniuliza bomba lilikuwa na unene gani, na sakafu ya jengo ilikaa juu ya mwamba au juu ya udongo.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo upande wa kulia kwa miaka mingi ya kuandika ubaoni. Alivaa koti la kaki hata Oktoba, joto linapochoma, na mfukoni alikuwa na kipande cha chaki ingawa alikuwa amestaafu zamani. Chakula chake alichokipenda ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, alivyotafuna polepole kwa jino moja la upande wa kushoto. Akiongea alifumba macho. Wanafunzi wake wa zamani wanasema ndivyo alivyofundisha fizikia, macho yamefumbwa, na bado alijua nani analala.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja. Alitaka nchi za kanda hii zijenge pamoja mashine ya kuongeza kasi ya chembe, na zijenge Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tambarare ambako zamani misafara ya kutoka pwani ilitua kabla ya kwenda Ujiji au kupanda Karagwe. Alianza kulisema hilo wakati mimi bado naosha vyombo. Alilisema kwenye vikao vya wazazi, kwenye mikutano ya wakulima wa tumbaku, na msibani, baada ya maziko, watu wakisubiri wali.

Nilimsikia akiwaeleza wafugaji waliokuwa wametoka Ziba na ng’ombe.

“Ni taa,” alisema. “Taa kali kuliko jua, lakini nyembamba kama sindano. Unaielekeza kwenye mbegu, unaona ndani ya mbegu bila kuipasua. Kwenye mfupa, kwenye dawa, kwenye udongo uliochoka, unaona kilichopungua.”

“Na ng’ombe aliyekufa, itaona kilichomuua?” aliuliza mmoja.

“Itaona kilichomo kwenye damu yake.”

“Basi iwahi. Akishakufa sina haja ya kuona.”

Mwalimu alicheka hadi akakohoa, na jibu lile akaliandika kwenye daftari. Alisema kamati yoyote itakayokuja isomewe.

Kilichompendeza zaidi ya taa yenyewe ni kwamba hakuna nchi moja hapa kwetu inayoweza kuijenga peke yake. Alikirudia hicho mpaka tukachoka. Mashine ya namna ile, alisema, inamlazimu Mrundi akae meza moja na Mnyarwanda, Mkongo na Mganda, Mkenya na sisi, wapangiane zamu, wagombane kuhusu zamu, halafu kesho warudi tena kwa sababu vifaa vya kila mmoja vimo ndani. “Watu wa kanda hii wote wana ndugu aliyewahi kupita Kwihara,” alisema. “Wengine walipita wamebeba mizigo kwa mshahara, wengine wamefungwa kamba shingoni. Nataka safari hii wapite wote kwa miguu yao, wakiwa na kalamu.”

Hakuyatoa hayo kwenye vitabu. Alifundisha miaka mingi Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na aliwaona watoto waliofika wakiwa hawasemi neno wakipata mia kwa mia kwenye hesabu. Mmoja wao, binti aliyekuwa akikaa dawati la mbele kwa sababu macho yake hayakuona mbali, alikuja kuwa mtaalamu mkubwa. Huyo tutamkuta tena.

Alikuwa na swali moja alilomtupia kila mtu: “Umepima, au umesikia?” Mzee akisema mvua ya mwaka huu imezidi ya mwaka jana, umepima au umesikia? Nesi wa zahanati alimwambia presha yake imepanda, akaomba aione saa ya kile kipimo kwa macho yake, halafu akaomba kimpime nesi mwenyewe. Mimi nilimwambia siku moja kwamba kule nilikofanya kazi sakafu ilitulia kiasi kwamba sarafu ingesimama kwa ukingo wake mwezi mzima.

“Umepima, au umesikia?”

Nilikuwa nimesikia.

Sasa niseme na upande wake wa pili, maana mtu huyu si malaika. Aliyekuwa akihubiri amani ya nchi sita hakuwa na salamu na jirani yake. Nyumba yao ilikuwa moja, ya matofali mabichi, ya zamani, iliyogawanywa katikati kwa ukuta. Upande wa pili aliishi fundi cherehani, mzee wa mjini, Mwislamu wa siku nyingi, aliyemzidi Mwalimu umri kwa miaka kadhaa. Cherehani yake ya miguu aliiegemeza kwenye ukuta ule ule, na kila alipokanyaga, maji ya Mwalimu yalitetemeka. Mwalimu alikwenda kumwomba asishone saa nne hadi saa tano asubuhi. Fundi alijibu kwamba hiyo ndiyo saa ya wateja. Mwalimu akasema neno, fundi akasema lake, na la mwisho lilikuwa la Mwalimu: alimwambia yeye hajui thamani ya kitu chochote kisichoshonwa.

Miaka tisa hawakuamkiana. Ukiwa kwa Mwalimu ulisikia cherehani ikigonga ukuta, na Mwalimu akiandika kwenye daftari, “si kimya, jirani”. Nilimwambia mara moja kwamba ni aibu.

“Nchi zina mabalozi,” alinijibu. “Mimi nina nani?”

“Nina mguu mmoja hapa na mwingine kwake, Mwalimu. Nashonewa suruali kwake. Nitume mimi.”

“Wewe kaa na suruali zako.”

Barua alizoandika sizijui idadi. Aliandika kwa mkono, kwa herufi za ubaoni, akizipeleka posta mwenyewe. Majibu yalikuwa ya namna moja: barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi. Mwanzoni aliyapanga kwenye faili. Baadaye aliacha kuyafungua. Aliipima bahasha mkononi, akaijua. Miaka ile ilimchosha kwa namna ambayo haionekani siku kwa siku. Nilikuwa nikimkuta amekaa na beseni halina maji. Nikimuuliza, anasema, “Leo nimeona nipumzike kutazama.” Kesho yake linajaa tena. Kila Jumamosi alipanda baiskeli hadi Kwihara na beseni limefungwa nyuma, akaliweka pale kwenye tambarare, akasimamisha shuka jeupe kwenye miti miwili ili mwanga ukae hapo, akatazama kutwa. Madaftari ya Kwihara alikuwa nayo kabati zima. Karibu kila mstari umeandikwa kimya.

Halafu, tukiwa tumekwisha kukata tamaa, kamati ilikuja kweli. Wataalamu kutoka nchi zile zote, wakitafuta mahali. Tabora ilikuwa moja ya sehemu tatu walizotaka kuzipima. Na aliyeongoza upimaji alikuwa yule binti wa dawati la mbele wa Ulyankulu, sasa mama mzima mwenye miwani minene, akiiwakilisha Burundi. Tulimwita Mama Mtaalamu. Mwalimu aliletewa barua ya kamati yenye habari hiyo, akaisoma. Alikwenda uani akanawa uso, akarudi, akaisoma tena.

Kilichofuata nakieleza kama kilivyokuwa, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Siku ya Jumatatu mafundi wa kamati walikuja kufukia vyombo vyao Kwihara, vyombo vidogo kama sufuria, vinavyosikia mtikisiko wa ardhi ambao mguu hausikii. Mwalimu alikuwapo na akaelezwa kila kitu. Mimi sikwenda. Nilijiambia nimeviona vya aina hiyo kwa miaka kumi na miwili, vijana wale wangenifundisha nini. Baada ya hapo Mwalimu alikaa mjini, akizunguka ofisi hadi ofisi kwa ajili ya mapokezi ya Alhamisi, siku ambayo wakubwa wa kamati wangefika. Mapokezi yenyewe nilikabidhiwa mimi. Nani mwingine? Nilikuwa nimeishi na watu wa aina ile, na gharama nilitoa mfukoni mwangu.

Niliita ngoma ya bugobogobo kutoka Ziba. Asiyeijua: watu husimama mstari, kila mmoja na jembe, wanarusha majembe juu, wanayadaka, wanaugonga udongo pamoja kwa mdundo wa ngoma kubwa. Mgeni akija kwetu hapokewi kimyakimya kama mwizi. Nikawaleta mapema, na kila jioni, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, saa kumi, nikawapeleka Kwihara kufanya mazoezi palepale kwenye tambarare, wajue mahali pa kusimama. Fundi cherehani alikuja nasi kuwapima nguo zao za kaniki. Mlinzi wa vyombo alituona, akadhani ndiyo ratiba, akaweka rungu chini akacheza nasi.

Je, sikujua kwamba vyombo vimefukiwa pale? Nilijua. Lakini nilikuwa nimekaa nchini tena kwa muda wa kutosha kuzoea mambo yetu. Hapa kisima kikichimbwa hakitekwi maji mpaka mgeni rasmi avute kitambaa. Zahanati inakaa na kufuli, wagonjwa nje, ikisubiri kuzinduliwa. Nikachukulia, bila kuuliza mtu, kwamba vyombo navyo vitawashwa Alhamisi, mgeni rasmi akishabonyeza. Kumbe vilikuwa vinasikiliza tangu dakika vilipofukiwa.

Alhamisi wageni walishuka kwenye magari, ngoma ikalia, majembe yakaenda juu yakashuka pamoja, vumbi likapanda. Wageni walipiga makofi. Mama Mtaalamu peke yake hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama saa yake.

Alasiri tulikaa kwenye ukumbi wa shule. Alionyesha ukutani mistari ya siku zile. Ilikuwa imenyooka, kimya, usiku na mchana, kama Mwalimu alivyoandika miaka yote. Kisha kila siku saa kumi jioni ilichafuka, ikaruka kama uji unaochemka kwa saa nzima. Na leo asubuhi tena.

“Hii ya leo tumeiona wote,” alisema Mama Mtaalamu, kwa Kiswahili cha Ulyankulu kabisa. “Ni ngoma. Nani aliruhusu?”

Nilikuwa kiti cha pili kutoka mbele, nimevaa suti. Mbele yangu kwenye meza palikuwa na kibao chenye jina langu na neno Injinia. Kabla sijafungua mdomo Mwalimu alikuwa amesimama.

“Ni mimi, mwanangu. Wenyeji wa mapokezi walifuata nilivyotaka. Nilifurahi, nikasahau.”

Hakuwa ameniagiza ngoma. Hakuwa anajua hata kwamba ipo mpaka alipoisikia.

“Sawa, Mwalimu. Saa hiyo moja tunaitoa. Na hizi za jioni? Siku tatu, saa ileile. Palikuwa na mtu pale?”

“Hapakuwa na mtu,” alisema Mwalimu, na alisema kwa uhakika wa mtu asiyewahi kudanganya darasa. “Pale jioni hapana mtu. Nakuhakikishia mimi.”

Mama Mtaalamu alifungua daftari lake. “Basi ni ardhi yenyewe,” alisema. Akaandika.

Nikanyamaza. Nilijiambia nitamfuata baadaye faragha. Baadaye magari yalikuwa tayari. Nilijiambia nitaandika, nikaandika nusu ukurasa nikauchana, kwa sababu nusu ya pili ingesema kwamba mwenye stashahada ukutani alifanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingelifanya. Kamati iliweka Tabora ya mwisho kati ya sehemu tatu. Waliandika kwamba ardhi ya Kwihara ina mtikisiko wa jioni usioeleweka, na kwamba hawatapima tena mpaka sababu ipatikane.

Miaka miwili ilipita namna hiyo. Mwalimu aliacha kwenda Kwihara. Beseni alilitundika ukutani. Mimi niliendelea kutengeneza mafriji na kuitwa Injinia, na kila nilipoitwa nilihisi kama mtu anayevishwa koti la marehemu.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi. Binti yake anayeishi Lusu, kule Nzega, alikuwa ameamua kumchukua, kwa sababu alikuwa ameanguka uani na kukaa pale mpaka alasiri. Basi lingeondoka saa saba. Nilimkuta sebuleni, vitu vyake vimefungwa kwenye masanduku mawili, na katikati ya sakafu mrundo wa madaftari ya Kwihara yamekazwa kwa kamba ya katani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, fundi. Vizuri umekuja na gari. Nipelekee haya sokoni, kwa yule mama wa karanga. Ya kufungia.”

“Haya ya Kwihara?”

“Ndiyo. Karatasi ni nzuri, haijatoboka.”

“Mwalimu, haya ni kazi yako yote.”

“Ni kazi niliyokosea.” Alisema kama anavyosema mtu aliyechoka kulisema ndani ya kichwa chake. “Miaka yote niliandika kimya. Chombo cha watu wenye akili kimekaa siku tatu tu, kikaona kila jioni ardhi inachemka. Mimi nilikuwa naondoka saa tisa, fundi, nipate kufika nyumbani na mwanga. Sikuwahi kupima saa kumi. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejipa sifuri.”

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa ikienda. Nilikaa juu ya sanduku. Nilikuwa nimekuja kumsindikiza, nilikuwa nimenunua hata maji ya njiani. Niliyatazama madaftari yale, nikafikiria karanga za shilingi mia zikiuzwa ndani ya neno kimya.

“Hukukosea,” nilisema. “Ilikuwa ngoma.”

“Ya Alhamisi najua.”

“Na ya Jumatatu. Na Jumanne, na Jumatano. Nilikuwa nawafanyisha mazoezi pale. Nilidhani vyombo vinasubiri uzinduzi.”

Hakunitazama. Alifumba macho kama alivyofanya darasani, nami nikahesabu mapigo ya cherehani ukutani. Nilingoja anitukane. Nilikuwa na majibu tayari, yote ya kweli, kuhusu gharama na mila na kutotaka mgeni apokewe kimyakimya. Hakunipa nafasi ya hata moja.

“Mlianza saa ngapi?” aliuliza.

“Saa kumi.”

“Umepima, au unakumbuka?”

“Nilikuwa na saa mkononi. Jumatatu saa kumi na dakika tano, gari lilichelewa. Jumanne na Jumatano saa kumi kamili. Tulimaliza saa kumi na moja, wapate kula.”

“Majembe mangapi?”

“Ishirini na nne.”

“Ngoma?”

“Mbili kubwa.”

Alifungua macho. Akatoa daftari jipya kwenye sanduku, akalifungua ukurasa wa kwanza, akanipa kalamu. “Andika hayo. Andika kwa Mama Mtaalamu, yeye sababu aliitaka, hii ndiyo sababu. Weka saini.”

Niliandika. Nilipofika chini, mahali pa cheo, nilisimamisha kalamu, halafu nikaandika fundi mitambo, kama stashahada inavyosema yenyewe ukiisoma vizuri. Alichukua karatasi akaisoma mara mbili, ya pili akifuata kwa kidole.

“Haitoshi,” alisema. “Mtu mmoja akija miaka miwili baadaye na maelezo, nami ningekuwa kamati ningetaka shahidi. Nani mwingine alikuwapo, aliye hapa mjini?”

Sikutaka kumjibu, lakini jibu lilikuwa linagonga ukuta mbele yetu.

“Fundi cherehani. Alikuja siku zote tatu kuwapima nguo.”

Mwalimu aliutazama ukuta. “Alijua?”

“Alijua. Aliniuliza baadaye, kwa nini Mwalimu amesema hapakuwa na mtu. Nikamwambia anyamaze.”

“Na asingeweza kunijia,” alisema Mwalimu, polepole. “Kwa kuwa mimi nilimfungia mlango.”

Aliinuka kwa shida akishika mwimo wa mlango. Alipitia kwanza ukutani, akalitungua beseni, akanipa nilijaze. Nilidhani akili imeanza kumtoka. Nililijaza nusu, nikaliweka pale jua lilipoangukia. Mwanga ukapanda darini, ukawa unatetemeka, kila mkanyago wa cherehani ukiusukuma. Aliutazama kidogo, kisha akatoka nje na karatasi mkononi. Nilimfuata hadi barazani.

Hatua kati ya milango ile miwili hazifiki sita. Alizitembea kama mtu anayevuka tope. Fundi alikuwa ameinamia kitambaa, kofia yake ya kiua imesogea nyuma, hakuinua kichwa.

“Shikamoo, kaka,” alisema Mwalimu.

Cherehani iliendelea. Fundi alimaliza mshono wake, wote, mpaka mwisho wa kitambaa, na Mwalimu alisubiri amesimama na karatasi imeshikwa kwa mikono miwili kama mwanafunzi aliyechelewa. Kisha miguu ikatulia juu ya pedali. Pale nilipokuwa nimesimama niliweza kuona ndani ya sebule ya Mwalimu, darini, kati ya boriti mbili. Mwanga ulikuwa umekaa. Haukutikisika hata kidogo.

“Marahaba,” alisema fundi. “Leta nisome.”